Stendi ya Kutundikia Mzigo: Mambo ya Kuhakikisha Kabla ya Kumlipa Fundi

Kwa nini somo hili

Mlaji anayepita Buguruni, kuanzia Sheli hadi sokoni na kuingia Malapa, hukutana na mafundi wa kuchomelea karibu kila hatua. Hali ni hiyo hiyo akifika Gerezani, pembeni mwa Kariakoo. Kazi zao zimeijenga Dar es Salaam: mageti, madirisha, vitanda, ngazi, mikokoteni na meza za wafanyabiashara. Miongoni mwa kazi hizo ipo aina moja inayohitaji uangalifu wa pekee, nayo ni stendi ya kutundikia mzigo unaocheza. Tunazungumzia stendi ya bembea katika kituo cha kulelea watoto mchana, stendi ya begi la mazoezi ya ngumi uani, na fremu ya kutundikia nyama katika bucha.

Geti likichomelewa vibaya, kwa kawaida hulegea, hukwaruza sakafu, na mwenye nyumba hupata muda wa kumwita fundi. Stendi ya bembea ikichomelewa vibaya, siku inapoachia kuna mtoto aliyeketi juu yake na wenzake wamesimama kando wakisubiri zamu. Kwa hiyo mnunuzi wa stendi ya namna hii hana budi kujua anachokinunua kabla ya fedha kutoka mkononi.

Jambo kuu tunalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: mzigo unaoning'inia na kucheza haupimwi kwa uzito wake ukiwa umetulia. Huvuta zaidi ya uzito wake, tena huvuta kwa upande. Stendi inayobeba mzigo huo ikiwa imetulia inaweza kushindwa kuubeba ukicheza. Maelezo yote yanayofuata yanatokana na ukweli huo mmoja.

1. Mzigo unaobembea huvuta kiasi gani?

Tuchukue mtoto wa kilo 40 aliyeketi juu ya bembea bila kucheza. Cheni zinavutwa kwa kilo 40, na boriti ya juu inabeba kilo 40. Mtoto huyo akibembea kwa nguvu mpaka cheni zikafika nyuzi 60 kutoka wima, kila anapopita chini kabisa huvuta mara mbili ya uzito wake, yaani kilo 80. Akithubutu kufika nyuzi 90, cheni zikawa sawa na upeo wa macho, anapopita chini huvuta mara tatu ya uzito wake, yaani kilo 120. Hesabu hii haitegemei urefu wa cheni wala aina ya chuma. Ni kanuni ya maumbile, na haibadiliki kwa sababu stendi imepakwa rangi nzuri.

Zaidi ya kuvuta kwenda chini, mtoto huyo huivuta boriti mbele na nyuma. Katika mbembeo wa nyuzi 60, mvuto wa upande hufika karibu kilo 33, nao hubadili mwelekeo kila mara. Ni sawa na mtu anayeusukuma mguu wa meza huku na huku mamia ya mara kwa siku. Mvuto huu wa upande ndio unaopindua stendi na kuchosha maungio.

Begi la ngumi lina tabia hiyo hiyo, na lina mtego wake wa ziada, ambao ni kilichojazwa ndani. Begi lenye kipenyo cha sentimita 35 na urefu wa mita 1 lina nafasi ya lita 96 hivi. Likijazwa matambara yaliyoshindiliwa, watu wawili hulibeba bila taabu. Likijazwa mchanga mkavu mtupu, hufika takriban kilo 150. Kwa hiyo anayekwenda kwa fundi kuagiza stendi ya begi aseme begi litajazwa nini na litakuwa na uzito gani. Kusema tu kwamba anataka stendi ya begi hakumpi fundi taarifa ya kutosha.

2. Miguu: upana unaozuia kupinduka

Umbo linalofaa kwa bembea ni miguu miwili kila upande iliyotanuka kama herufi A, ikishikwa na boriti moja juu. Swali la mnunuzi liwe kuhusu upana wa miguu hiyo chini.

Hebu tupige hesabu. Stendi ina kimo cha mita 2.2, miguu yake imetanuka mita 1.8, na uzito wake ni kilo 60. Imewekwa juu ya ardhi bila kufungwa. Mtoto mmoja wa kilo 40 akibembea kwa nguvu kama tulivyoeleza, mvuto wa upande wa kilo 33.4 ukizidishwa kwa kimo cha mita 2.2 unatoa nguvu ya kupindua ya karibu 74. Uzito wa stendi pamoja na mvuto wa mtoto kwenda chini, kwa nusu ya upana wa miguu, unatoa nguvu ya kuzuia ya karibu 97. Stendi inabaki imesimama.

Sasa tuongeze mtoto wa pili mwenye uzito huo huo, na wote wawili wabembee kwa pamoja, mbele na nyuma kwa wakati mmoja, kama watoto wapendavyo kufanya wakishindana. Nguvu ya kupindua inakuwa 147. Nguvu ya kuzuia inakuwa 140. Miguu ya nyuma inanyanyuka.

Mfano huu unaonyesha kwa nini kauli ya kwamba stendi ni nzito, haiwezi kuanguka, haitoshi kumhakikishia mnunuzi usalama. Stendi ya bembea ifungwe ardhini. Kwa kila mguu, shimo la sentimita 30 kwa 30 lenye kina cha sentimita 60 likijazwa zege hupata uzito wa karibu kilo 130. Mashimo manne ya namna hiyo yanaifanya hesabu ya kupinduka isiwe na wasiwasi tena. Sehemu kubwa ya ardhi ya Buguruni ni tambarare, na maji hutuama baada ya mvua za masika. Kwa sababu hiyo zege linyanyuke kidogo juu ya usawa wa ardhi na uso wake uchongwe mteremko, ili maji yasikae kwenye shingo ya mguu. Hapo ndipo kutu huanzia.

Stendi ya begi la ngumi yenye nguzo moja na mkono uliochomoza mbele ni hatari zaidi ikiwa kitako chake ni kifupi. Kanuni ni nyepesi: kitako kiende mbele kupita mahali begi linaponing'inia, na kiwe na tundu za kufungia bolti sakafuni au nafasi ya kuwekea mifuko ya mchanga. Ikiwa uzito wa begi uko nje ya kitako, stendi inaanza kuanguka kabla hata ngumi ya kwanza haijapigwa.

3. Bomba: unene usioonekana

Fundi na mteja huelewana kwa urahisi juu ya ukubwa wa bomba kwa sababu unaonekana kwa nje. Bei na nguvu, hata hivyo, hutegemea zaidi unene wa ukuta wa bomba, ambao haujulikani kwa kulitazama bomba ubavuni.

Bomba la duara liitwalo la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3. Likiwa na ukuta wa milimita 3.2, kila mita ina uzito wa kilo 3.6 hivi, na bomba zima la mita 6 ni karibu kilo 21. Likiwa na ukuta wa milimita 1.5, kila mita ni kilo 1.7, na bomba zima ni kilo 10 na ushei. Yakipakwa rangi na kusimamishwa ukutani, mabomba hayo mawili ni pacha. Kwenye mizani, moja ni nusu ya jingine, na nguvu yake ya kuhimili kupinda ni karibu nusu vilevile.

Tuirudie bembea yetu ya viti viwili yenye boriti ya mita 3. Watoto wawili wa kilo 40 wakibembea hadi nyuzi 60, boriti ya inchi moja na nusu yenye ukuta wa milimita 1.5 hupita kikomo cha chuma cha kawaida. Itapinda na haitarudi. Boriti ya inchi 2, yenye kipenyo cha nje cha milimita 60.3 na ukuta wa milimita 3.6, chini ya mzigo huo huo hutumia chini ya nusu ya uwezo wake. Bomba moja la mita 6 hutoa boriti mbili za namna hiyo. Mtu anayeokoa fedha kwenye boriti anaokoa nusu bomba, na kwa nusu bomba hiyo anaweka hatarini stendi nzima.

Mlaji ana njia tatu za kujiridhisha:

Kwanza, atazame ncha ya bomba kabla haijazibwa, na apime unene wa ukuta kwa venia au kwa rula yenye milimita. Bomba likishazibwa kifuniko na kupakwa rangi, nafasi hiyo imepotea.

Pili, aombe bomba lipimwe kwenye mizani dukani. Uzito haudanganyi, ilimradi mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na ina alama ya uhakiki.

Tatu, kama fundi ananunua vifaa kwa niaba yake, aombe risiti ya duka yenye ukubwa na unene ulioandikwa, siyo neno "bomba" peke yake.

Chuma chakavu kinachouzwa kwa kilo si kibaya kwa kila kazi. Kwa stendi ya mzigo unaocheza, bomba la mtumba lenye kutu ndani, lililowahi kupinda na kunyooshwa, au lenye mashimo ya zamani yaliyozibwa, likataliwe.

4. Mshono wa kuchomelea

Stendi haivunjiki katikati ya bomba mara nyingi kama inavyovunjika kwenye maungio. Mshono mzuri huzunguka bomba lote bila kukatika, una mawimbi madogo yanayofanana, na umeingia katika vyuma vyote viwili. Mshono mbaya hutambulika kwa dalili hizi: vipande vya nukta nukta vilivyoachana, matundu kama ya sifongo, chuma kilichokaa juu kama tone la nta bila kushika, na mfereji uliochimbika kando ya mshono, mahali ambapo ukuta wa bomba umeliwa na moto.

Kuna desturi ya kuusaga mshono kwa grainda ili uwe laini. Kwa geti ni urembo. Kwa stendi ya kutundikia, kusaga mno huondoa chuma kile kile kilichowekwa kushikilia mzigo. Mteja aseme mapema kwamba hahitaji mishono iliyosagwa ikawa sawa na bomba. Pale miguu inapokutana na boriti ya juu, aombe vipande vya pembetatu vya bati nene, milimita 5 au 6, vichomelewe kwenye kona. Vipande hivyo vidogo ndivyo vinavyopokea ule mvuto wa mbele na nyuma.

Agizo lililo muhimu kuliko yote katika sehemu hii ni kwamba stendi ikaguliwe kabla ya rangi. Fundi mwaminifu hatakasirika. Anayeharakisha kupaka rangi kabla mteja hajafika amempunguzia mteja nafasi ya kuona alichokinunua.

5. Kitundikio: sehemu inayolika

Mahali cheni inapogusana na boriti, chuma husuguana na chuma kila mbembeo. Cheni iliyozungushwa tu juu ya bomba huliponda na kulikata polepole, nayo hulika. Ndoano ya nondo iliyokunjwa huendelea kukunjuka kidogo kidogo mpaka siku inapoachia.

Hapa tunaweza kujifunza kwa watu wa fani nyingine. Katika nchi kama Marekani, ambako kulenga shabaha kwa bunduki ni mchezo wa raia wengi, bamba za chuma za kulengea hutundikwa kwa cheni kwenye stendi. Nchini kwetu silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na stendi za namna hiyo si kazi ya mtaani. Hata hivyo, wajenzi wake wamefundishwa na mapigo mambo mawili yanayotufaa. La kwanza ni kwamba bamba huachwa libembee, kwa sababu kitu kinachobembea humeza pigo, na kilichokazwa hulipeleka pigo lote kwenye stendi. La pili ni kwamba sehemu inayotarajiwa kuumia hufanywa iwe ya bei nafuu na ya kubadilishwa. Wengi hutumia boriti ya mbao iliyochomekwa kwenye miguu ya chuma. Mbao ikichakaa, hutupwa na nyingine huwekwa, na miguu inabaki.

Kanuni hiyo ya pili ndiyo tunayoipendekeza. Kitundikio kisichomelewe moja kwa moja na cheni. Lichomelewe sikio la bamba nene chini ya boriti, kisha cheni iunganishwe kwa sheko yenye pini ya kukaza, au kwa bolti ya milimita 12 yenye wosha na nati ya kujikaza. Sheko ikilika, hununuliwa nyingine kwa fedha kidogo na stendi haiguswi. Kulabu za umbo la S, zikitumiwa, zibanwe ncha zake mpaka zisiachie upenyo, vinginevyo hunasa nguo za mtoto au huchomoka.

Cheni iwe ile iliyochomelewa kila pete. Cheni ambayo pete zake zimekunjwa bila kufungwa hukunjuka. Katika stendi ya begi la ngumi, kiwekwe kizungusho kati ya cheni na sikio, kwa maana begi huzunguka likipigwa, na pasipo kizungusho cheni hujisokota na kuvuta boriti kwa mkunjo.

6. Mahali pa kusimika

Viwanja vya mjini ni vidogo, na mara nyingi bembea huingizwa katika nafasi iliyobaki kati ya ukuta na choo. Ushauri wa tume ya usalama wa bidhaa za walaji ya Marekani kwa viwanja vya michezo ya watoto ni kwamba viti visizidi viwili katika nafasi moja kati ya miguu, kati ya kiti na kiti pawe na angalau sentimita 60 hivi, na kati ya kiti na mguu wa stendi angalau sentimita 75 hivi. Mbele na nyuma, nafasi iliyo wazi iwe mara mbili ya kimo cha kitundikio. Kwa kitundikio cha mita 2.2, hiyo ni mita 4.4 kila upande. Ndiyo sababu tuliitolea mfano boriti ya mita 3: viti viwili vyenye upana wa sentimita 40 pamoja na nafasi hizo vinahitaji mita 2.9.

Kama uwanja hautoshi, jibu si kufupisha nafasi. Jibu ni kushusha kimo cha stendi na kuweka kiti kimoja, au kuchagua mchezo mwingine. Chini ya viti pasiwe na zege wala vigae. Mchanga uliolegea wenye kina cha sentimita 30, ukichotwa mara kwa mara ili usishikamane, hupunguza ukali wa kuanguka.

7. Makubaliano ya maandishi

Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Tatizo lake ni ushahidi. Mwezi mmoja baadaye, fundi anakumbuka bomba la milimita 1.5 na mteja anakumbuka la milimita 3. Karatasi moja hukata mzozo huo. Tunapendekeza iwe na mambo haya:

– Tarehe, jina la fundi, mahali pa karakana, na jina la mteja.
– Matumizi: kwa mfano, "bembea ya viti viwili, watoto hadi kilo 40 kila mmoja".
– Vipimo: kimo, upana wa miguu, urefu wa boriti.
– Vifaa: kipenyo na unene wa kila bomba, ukubwa wa bolti na cheni.
– Nani ananunua vifaa, na mabaki ni ya nani.
– Bei yote, malipo ya awali, na salio litakalolipwa baada ya jaribio.
– Ukaguzi kabla ya rangi, na tarehe ya kukabidhi.
– Muda ambao fundi atarekebisha kasoro bila malipo.

Kipengele cha matumizi kisiachwe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji shabaha ya bidhaa anayoinunua na kutegemea ujuzi wake, kwamba bidhaa hiyo iwe inafaa kwa shabaha hiyo. Mteja aliyesema "nitengenezee fremu" hana nguvu sawa na aliyeandika kwamba fremu ni ya kubembeza watoto wa uzito fulani.

Malipo ya awali ni ya kawaida, kwa sababu fundi mwenye mtaji mdogo hawezi kununua mabomba kwa fedha yake. Lakini salio liwe la kutosha kumfanya fundi arudi. Mteja aliyelipa yote siku ya kwanza amebaki na ombi tu mkononi.

8. Jaribio kabla ya salio

Jaribio halihitaji maabara. Linahitaji mifuko ya saruji, ndoo na kamba.

Hatua ya 1. Baada ya stendi kusimikwa na zege kukomaa kwa siku 7 au zaidi, funga uzi uliovutwa kutoka ncha moja ya boriti hadi nyingine, na uweke alama mahali unapopita.

Hatua ya 2. Kwenye kila kitundikio, ning'iniza mara tatu ya uzito wa mtumiaji mzito kuliko wote. Kwa mtoto wa kilo 40 ni kilo 120, yaani mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 na ndoo ya maji ya lita 20. Mzigo uning'inie kiasi cha kiganja juu ya ardhi, ili ukiachia usianguke mbali. Mtu yeyote asipite chini ya boriti wala kati ya miguu.

Hatua ya 3. Acha mzigo kwa saa moja. Ushushe, kisha tazama uzi. Boriti ikiwa imerudi mahali pake, vyema. Ikiwa imebaki imepinda, hata kidogo, bomba ni jembamba na stendi ikataliwe.

Hatua ya 4. Watu wazima wawili waisukume boriti mbele na nyuma kwa nguvu zao. Sikiliza na utazame: mlio wa kukwaruza, mguu unaonyanyuka, au ufa mwembamba kwenye mshono ni dalili ya kazi isiyokamilika.

Hatua ya 5. Kagua kila bolti na sheko, kisha lipa salio na udai risiti.

Kama fundi na mteja hawakubaliani juu ya ubora wa uchomeleaji, mwalimu wa ufundi huo katika chuo cha VETA, kama kile cha Chang'ombe, ni mtu wa kuombwa ashauri kabla mzozo haujakua.

9. Matunzo

Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu na chumvi ya bahari, na chuma kisichotunzwa huliwa haraka. Stendi ipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza, kisha rangi ya juu mara mbili. Kila mwisho wa mwezi, mtu mmoja aliyeteuliwa akague sheko, pete za juu za cheni, mishono ya kona na shingo za miguu. Pete iliyolika ikapoteza karibu robo ya unene wake ibadilishwe siku hiyo hiyo. Katika kituo cha watoto, ukaguzi uandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la aliyekagua. Bembea yenye kasoro isiachwe ikining'inia na onyo la mdomo, maana mtoto huiona bembea kabla ya kulikumbuka onyo. Cheni zivuliwe zifungiwe ndani.

10. Kasoro ikitokea

Mteja aache kuitumia stendi mara moja, apige picha sehemu iliyoharibika, na atunze kipande kilichovunjika. Kisha amweleze fundi kwa maandishi, akitaja makubaliano na kumpa muda wa kurekebisha. Mara nyingi suluhu hupatikana hapo, kwa kuwa fundi wa mtaani anaishi kwa jina lake.

Fundi akikaidi, ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kuwakutanisha. Malalamiko juu ya udanganyifu wa biashara hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Duka lililouza bomba lisilofikia kiwango hushtakiwa kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mizani yenye shaka hupelekwa kwa Wakala wa Vipimo. Dai la fedha linaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo. Katika ofisi zote hizo swali la kwanza litakuwa kama mlalamikaji ana makubaliano na risiti.

Muhtasari wa kukata na kwenda nao kwa fundi

☐ Nimetaja matumizi na uzito wa mtumiaji mzito zaidi.
☐ Nimeona na kupima unene wa bomba kwenye ncha yake.
☐ Boriti ya bembea ya viti viwili ni inchi 2, ukuta wa milimita 3.6.
☐ Kona zina vipande vya pembetatu; mishono imezunguka bomba lote.
☐ Nimekagua kabla ya rangi.
☐ Kitundikio kinaweza kubadilishwa bila kukata stendi.
☐ Kila mguu umezikwa katika zege.
☐ Nafasi ya mbele na nyuma ni mara mbili ya kimo.
☐ Nimejaribu kwa mara tatu ya uzito.
☐ Nina makubaliano na risiti. Salio limelipwa baada ya jaribio.

Asiyeweza kutia alama katika kila mstari asitundike kiti wala begi kwanza. Stendi inaweza kusubiri wiki moja ya marekebisho, na watoto wanaweza kusubiri pamoja nayo.